Nilisema Ndiyo Ndani ya Gari Linalonguruma

Kama wiki iliyopita hukunisoma, hukukosa jambo la maana. Ulikosa aibu yangu tu, na aibu yangu haiishi, kwa hiyo hujachelewa.

Mimi ni fundi makochi. Gari si langu, ni la mke wangu. Alipokwenda kwao kumuuguza baba yake aliyepasuliwa koo, aliniachia ufunguo na neno moja: "Litunze." Nikalitunza kwa kung'oa boksi la filta ya hewa lililotoka nalo kiwandani na kufunga bomba pana la kung'aa, lenye filta ya wazi mwishoni, kwa sababu muuza vipuri aliniambia gari likivuta hewa nyingi litaruka.

Halikuruka. Lilinguruma. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, ndani ya gari mnasikia vuuuuu, kama mtu anapuliza pipa tupu karibu na sikio lako. Nilipokwenda kwao kumchukua, mke wangu alilipanda mara moja, akashuka kabla hatujafika kona ya pili, akasema harudi nyumbani mpaka gari lake lirudi alivyoliacha.

Halafu nikampeleka baba mkwe hospitali. Huyu mzee alikuwa dalali wa mnada kwa miaka arobaini. Sauti yake ilikuwa inawauzia watu wenye akili timamu makabati yasiyo na milango. Sasa ananong'ona tu. Njia nzima alininong'oneza jambo refu, na mimi, katikati ya vuuuuu, sikuambulia hata neno moja. Nikawa najibu tu. "Ndiyo, Baba." "Kabisa, Baba." Mahali pamoja nilimwona anatabasamu, nikacheka.

Tulipofika nikazima injini. Akanishika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Asante, mwanangu," akanong'ona. "Sikutegemea kwamba ungekubali."

Nimekubali nini?

Najua, wewe ungemuuliza palepale. Kila mtu mwenye akili angemuuliza. Mimi nilisema, "Usijali, Baba, ni wajibu wangu," nikamfungulia mlango.

Jumatatu asubuhi mke wangu akanipigia simu.

"Baba kaniambia," akasema.

"Kakuambia nini?"

"Kwamba mlizungumza. Kwamba Jumapili utasema kwa niaba yake mbele yangu na Mama, maana yeye sauti haimtoshi. Jambo lenyewe hataki kunitajia. Ni nini?"

"Ah, si unajua. Mambo ya mzee na mkwewe."

"Ni zito?"

"La kawaida." Nikaogopa. "Zito kidogo. La katikati."

Akasema, "Unajua Baba hajawahi kumwomba mtu amsemee? Hata kwenye harusi yetu alisema mwenyewe saa nzima."

"Nakumbuka. Chakula kilipoa."

Akacheka. Wiki tatu nilikuwa sijakisikia kicheko hicho, na nilikikumbuka kuliko nilivyodhani.

"Sikiliza, bwana wewe. Nilisema sirudi mpaka gari lirudi lilivyokuwa. Lakini mtu ambaye baba yangu kamchagua awe mdomo wake, siwezi kuendelea kumnunia kwa ajili ya bomba. Jumapili ukisema vizuri, napanda hilo gari tunarudi wote nyumbani."

"Nitasema vizuri."

"Na Alhamisi umpeleke tena hospitali. Anakutaka wewe, mimi hanitaki."

Nikakata simu, nikakaa juu ya kochi la mteja ambalo nilikuwa nimeshalitoa springi. Nikazama mpaka kiunoni, na nikabaki humo humo nikifikiri.

Hali ilikuwa hivi. Jumapili nilitakiwa kusema jambo la mzee ambalo silijui. Nikilisema vizuri, mke wangu anarudi. Nikilibananga, nimemwaibisha baba mkwe na nimempoteza binti yake siku hiyo hiyo. Nafasi ya kulijua ilikuwa moja, Alhamisi, ndani ya gari.

Ningeweza kwenda kwake nikamwambia, Baba, sikukusikia. Ningeweza kumwomba aandike. Lakini ukimwomba mtu akuandikie jambo ambalo umeshalikubali mara kumi na moja, atajua. Basi nikaamua kama waoga wote wanavyoamua. Badala ya kusema ukweli, nitalinyamazisha gari, mzee atajikuta analirudia jambo lake, na mimi nitalisikia kama vile ni mara ya pili.

Sasa, katika kazi yangu kila ugonjwa una dawa moja: sponji. Kochi linalia? Sponji. Kiti kinaumiza? Sponji. Mteja analalamika? Unamwongezea sponji.

Jumatatu hiyo na Jumanne nzima nikafunga kibanda, nikalivua gari viti, nikafunua zulia, nikatandika sponji ya inchi mbili sakafuni. Nikajaza milango. Paa nikalishonea kitambaa cha mahameli chenye vifungo, kazi safi kabisa, kochi la bwana harusi lingeona wivu. Sponji ya chini ya pedali ya mafuta ilikuwa nene mno, pedali ikagoma kushuka, nikaikata kidogo kwa kisu cha mkate. Kichwa changu kikawa kinagusa paa.

Nikaliingiza barabarani. Mambo ya nje yote yakapotea. Sikusikia watu wala honi. Lori lilikuja nyuma yangu likapiga honi mpaka dereva wake akachoka, akashuka, akaja kunigongea kioo.

"Wewe ni kiziwi?" akauliza. Nilimsoma midomo.

Lakini vuuuuu ilikuwepo pale pale. Tena ilikuwa imenoga zaidi, maana sasa haikuwa na mshindani.

Jumatano asubuhi nikanywea, nikaenda gereji kwa Bi Spana. Ni fundi wa magari mtaani kwetu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu huwa anazungumza akikunyooshea spana kifuani.

Akafungua mlango. Akabonyeza kiti, akabonyeza sakafu, akaangalia paa.

"Hili ni gari au godoro?"

"Napunguza kelele."

"Kelele ya nini?"

Nikafungua boneti. Akaliona bomba linang'aa, akatikisa kichwa taratibu, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe.

"Nani kafunga hiki?"

"Fundi mmoja."

"Fundi gani?"

"Fundi makochi."

Akaniambia niendeshe, yeye akakaa kushoto, akapitisha mkono chini ya dashibodi. Mkono ukasimama mahali.

"Hili tundu ni la nini?"

"La waya wa saa ya kupima hewa."

"Saa yenyewe iko wapi?"

"Haikufanya kazi. Niliing'oa."

"Na tundu ukaliacha."

"Tundu haling'oki, fundi."

Hakucheka. Tuliporudi gereji akanisimamisha mbele ya injini, spana kifuani.

"Sikiliza, maana sitarudia. Kelele haizaliwi kwenye kiti. Filta yako iko uchi, na imekaa karibu na huu ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yako. Injini ikivuta hewa, filta inapiga kelele. Mshikio wa bomba umegusa bodi, basi bodi nzima inatetemeka nayo. Halafu kelele inapita kwenye tundu lako kama iko kwake. Wewe umeziba masikio ya gari, mdomo umeuacha wazi. Boksi la zamani liko wapi?"

Nilikuwa naliogopa swali hilo.

"Lipo kibandani."

"Kalete."

"Nimelikata. Naweka misumari ya makochi. Lilikuwa na vyumba vizuri."

Bi Spana akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, nadhani ili ahakikishe kwamba bado ni mimi.

"La kuagiza litafika wiki ijayo," akasema.

"Mimi nataka kesho. Fundi, nakuomba. Ndoa yangu iko humo ndani ya hilo bomba."

Sijui ni uso wangu au ni nini, lakini akaweka spana chini. Mpaka saa tisa alikuwa amekunja bati la alumini, ametengeneza boksi lenye mfuniko, kingo zake zimevishwa mpira, filta imekaa ndani yake. Akachukua hewa kwa bomba la mpira kutoka nyuma ya bampa la mbele, mbali na miguu yetu. Chini ya mshikio akaweka mpira nao usiguse bodi. Tundu langu akaliziba kwa kizibo cha mpira, akalipiga kofi.

Tukajaribu. Wasomaji, niliisikia taa ya kona inavyosema tik, tik, tik. Nilimsikia Bi Spana anavyopumua. Nusura nimkumbatie.

Ulibaki mvumo mdogo tu, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho.

"Huo ni wa kawaida, uache," akasema. "Na najua unachofikiria. Usije ukaweka sponji ndani ya boksi. Filta inavuta. Ukiiwekea kitu laini karibu, itakivuta. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Na safari hii nilisikia kweli, ndiyo maana sina cha kujitetea.

Nilifika nyumbani na ule mvumo mdogo kichwani. Sauti ya baba mkwe ni nyembamba. Je, mvumo ukimeza neno moja, na neno hilo ndilo lenyewe? Nikachukua sponji nyembamba, ile nzuri ya mito ya mgongoni, nikaipaka gundi ya makochi, nikalivisha boksi ndani pande zote. Nikapiga mluzi nikifunga mfuniko. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Alhamisi asubuhi nikamchukua mzee. Mke wangu alitusindikiza mpaka getini, akamfunga baba yake skafu shingoni, akaniangalia mimi kwa namna ambayo hajaniangalia tangu bomba liingie maishani mwetu. Hakuingia garini. Alisema atapanda Jumapili, kama tulivyokubaliana.

Mzee akagusa vifungo vya paa.

"Pazuri," akanong'ona.

Nilisikia! Herufi zote! Nikataka kupiga vigelegele.

Tukaondoka. Gari kimya. Nikasafisha koo.

"Baba, nilikuwa nasema, lile jambo letu. Hebu tulipitie tena, tulipange vizuri."

"Hakuna haja," akanong'ona. "Ulilielewa vizuri sana."

"Ni kulipanga tu, Baba. Tuanzie mwanzo."

"Mwanzo unaujua."

"Basi tuanzie katikati."

Akanitazama kidogo, halafu akapapasa mfuko wa shati. "Umekuja na kitambulisho? Watataka cha shahidi."

"Shahidi wa nini?" Likanitoka kabla sijalizuia.

Tulikuwa tumeanza kupanda mlima wa kuelekea hospitali, na mlima huo unataka mafuta. Nikakanyaga. Gari likakohoa. Nikakanyaga zaidi. Likakohoa tena, likatetemeka, likazima katikati ya mlima.

Nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikafungua boneti, nikafungua boksi. Gundi ya makochi haipendi joto. Sponji yangu yote ilikuwa imebanduka, imeikumbatia filta pande zote, imeibana pumzi. Nikampigia Bi Spana.

"Uliweka sponji," akasema, kabla sijamsalimu.

"Kidogo."

"Usiguse kitu, usiwashe. Nakuja."

Simu ya pili ikawa ya mke wangu, anataka kujua kama tumefika. Nikamwambia tumekwama mlimani, tunamsubiri fundi. Nikarudi ndani, nikafunga mlango.

Sijawahi kukaa mahali kimya vile. Injini imezimwa, sponji milangoni, mahameli juu. Mzee alikuwa amenigeukia, na macho yake yalikuwa ya dalali anayemjua mnunuzi asiye na kitu mfukoni.

"Shahidi wa nini, umeniuliza," akanong'ona.

Nikaona niseme. Nilikuwa nimechoka kuwa mjanja, na sikuwahi kuwa mjanja.

"Baba, naomba unisamehe. Wiki iliyopita sikusikia hata neno moja. Gari lilikuwa linanguruma, nikaona haya kukwambia. Nilikuwa naitikia tu."

Akafumba macho. Nilidhani atashuka atembee. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, nikagundua kwamba anacheka, kicheko kisicho na sauti.

"Hata pale ulipocheka?"

"Nilikuona unatabasamu."

"Nilisema afadhali nife nikizungumza kuliko kuishi bubu. Ukacheka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu kanielewa."

Kicheko chake kikaisha. Changu hakikuwa kimeanza.

"Ugonjwa umerudi," akanong'ona, polepole, na nilisikia kila neno, na nilitamani vuuuuu irudi. "Wanataka wanipasue tena, waondoe sehemu yote ya sauti. Nitapumua kwa tundu hapa shingoni. Sitanong'ona hata hivi. Nimekataa. Leo naenda kuweka sahihi kwamba nimekataa mwenyewe, na shahidi ni wewe. Jumapili utawaambia mama yenu na mke wako. Utawaambia wasinibembeleze. Hilo ndilo ulilolikubali."

"Ukipasuliwa, utaishi?"

"Wanasema miaka mingi."

"Na usipopasuliwa?"

Akaonyesha vidole vya mkono mmoja, akatazama mlima. "Miezi."

Machozi yakanitoka, sikuyafuta. Mke wangu anampenda baba yake kuliko kitu chochote duniani, mimi nikiwemo, na sijawahi kumlaumu kwa hilo. Nikamwona Jumapili sebuleni, amekaa karibu na mama yake, ananisikiliza. Nikamwona anavyosimama.

"Baba, binti yako hatanisamehe. Atasema nilijua, nikakuwekea sahihi ufe."

"Najua," akanong'ona. "Ndiyo maana sikutegemea kwamba ungekubali."

"Kwa nini mimi?"

"Mama yenu atalia, nitashindwa. Binti yangu ataniomba, nitashindwa. Wewe una mdomo mwepesi na moyo mzuri. Na miaka arobaini nimesemea mali za watu wengine. Mara hii moja nilitaka mtu anisemee mimi."

Akaninyooshea mkono, kiganja juu, kama walivyokuwa wakifanya mnadani bei inapofikia mwisho.

"Ulikubali bila kusikia. Hiyo siihesabu. Sasa umesikia. Nijibu."

Kwenye kelele niliitoa "ndiyo" mara kumi na moja, na tabasamu juu. Pale kimya nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikisema ndiyo, nimempoteza mke wangu. Nikisema hapana, mzee huyu hana mtu. Mkono wake hakuurudisha.

Pikipiki ikasimama nyuma yetu. Nikatazama kwenye kioo, nikitegemea miwani ya waya. Alikuwa mke wangu. Akamlipa dereva, akaja mbio na chupa ya maji, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaufunga.

"Jamani!" akasema, akigeuza kichwa huku na huku, uso wote umefunguka. "Hili ni gari langu kweli? Mbona limetulia hivi? Unaweza kusikia hata..."

Akaishia hapo. Alikuwa ameuona mkono wa baba yake umenyooka, na uso wangu umelowa.

Mzee hakugeuka nyuma. Hakuushusha mkono.

"Mwanangu," akanong'ona, na ndani ya gari lile hakuna ambaye hakumsikia, "nimekuuliza."

"Kakuuliza nini?" mke wangu akasema.